Kukalia Kiti cha Misri: Mhadhara Kuhusu Kufundisha Majadiliano ya Maji kwa Michezo ya Darasani



Nianze na hesabu ya kujumlisha. Tarehe 8 Novemba 1959 Misri na Sudan zilitia saini mkataba wa matumizi kamili ya maji ya Mto Nile. Walikadiria kwamba mto huo huleta Aswan wastani wa mita za ujazo bilioni 84 kwa mwaka. Misri ikachukua 55.5, Sudan ikachukua 18.5, na bilioni 10 zilizobaki zikaachiwa jua, yaani maji ambayo yangepotea kwa mvuke kwenye bwawa kubwa lililokuwa linapangwa kujengwa Aswan. Jumlisha mwenyewe: 84. Hakikubaki kitu. Ethiopia, ambako kiasi cha asilimia 85 ya maji hayo hutoka, haikuitwa. Sisi wa Ziwa Victoria nasi hatukuitwa. Tulikuwa bado chini ya Mwingereza, na Mwingereza miaka 30 kabla yake, Mei 1929, alikwisha kuiahidi Misri kwa niaba yetu kwamba hakitajengwa kitu kwenye mto, vijito vyake wala maziwa yake ambacho kingeipunguzia maji, mpaka yenyewe iridhie.

Hesabu hiyo naiandika ubaoni kila ninapoanza somo hili, kisha nawaambia wanafunzi: nchi ni 11, maji ni hayo hayo, gawaneni upya. Natoka nje. Nikirudi nakuta kelele, simu zimegeuzwa vikokotoo, na mtu mmoja amesimama kwenye kiti akitetea asilimia 12 ya Burundi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake maji anayataka ya nini. Siwalaumu, maana mabalozi na mawaziri wa kweli wamezunguka kwenye duara hilo hilo kwa miongo kadhaa, tena wakiwa na washauri na posho.

Niliombwa nizungumzie ufundishaji wa majadiliano ya migogoro ya maji baina ya mataifa kwa njia ya michezo ya kuigiza. Wapo wenzetu wanaoona kwamba huku ni kuwapotezea vijana muda, kwamba sheria ya kimataifa isomwe ikaeleweka, basi. Mimi naifundisha sheria hiyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1997 kuhusu matumizi ya mito ya kimataifa yasiyo ya usafiri wa meli una vifungu viwili ambavyo mwanafunzi mwerevu huvikariri kwa siku moja: cha 5 kinachotaka matumizi ya haki na ya uwiano, na cha 7 kinachokataza kumletea jirani madhara makubwa. Ulipopigiwa kura, nchi 103 zilikubali, tatu zikakataa, nazo ni Uturuki, China na Burundi, na 27 hazikufungamana na upande wowote. Miongoni mwa hizo 27 zilikuwamo Misri na Ethiopia. Tanzania pia.

Hapo ndipo ukariri unapokwama. Misri na Ethiopia zinapingana karibu katika kila jambo linalohusu Nile. Iweje zikae pamoja kwenye kura hiyo? Naweza kueleza kwa sentensi mbili: Misri iliogopa kwamba kifungu cha 5 kingefungua upya mgao wa 1959, na Ethiopia iliogopa kwamba kifungu cha 7 kingemzuia aliye juu kujenga chochote. Mwanafunzi ataandika, atapata maksi zake, na mwezi ujao atakuwa amesahau. Lakini mwanafunzi aliyekaa mezani kwa saa tatu akiwa Ethiopia, akaona kila pendekezo lake linapigwa rungu la madhara makubwa, hahitaji kuelezwa. Anakuja mwenyewe ofisini kuniuliza kwa nini kifungu cha 7 kiliandikwa vile.

Mchezo ninaouhusudu kuliko yote ulitumika hapa hapa Tanzania, kwenye tambarare za Usangu, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Aliyeubuni ni Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia, akishirikiana na watafiti wengine wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mnaijua shida ya Ruaha Mkuu: mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na chini yake yapo mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mchezo wenyewe ni ubao ulioinamishwa, wenye mfereji katikati ambao ndio mto, na matundu pembeni ambayo ndiyo mashamba. Maji ni gololi. Mchezaji anapewa vijiti, na kijiti ndicho banio. Gololi zinaachiwa kutoka juu, zinateremka kwa kishindo, na aliye juu mwenye kijiti kirefu anazielekeza kwenye matundu yake. Aliye chini anasikia kishindo tu.

Ninapoutumia darasani nawaacha wacheze raundi ya kwanza bila kusema neno. Ikiisha, nawaambia waliokaa chini wapande juu waone. Wanakuta matundu yamejaa yakafurika, na gololi za ziada zimelala pembeni hazimfai mtu yeyote. Hapo hasira zinapanda kweli. Kisha namuuliza aliyekuwa juu kama alikusudia kuwanyima wenzake, naye anajibu kwa mshangao kwamba alikuwa anajaza matundu yake tu, wala hakuwa anatazama chini. Jibu hilo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko sura nzima ya kitabu. Wakulima waliocheza mchezo huu walikuwa wanajuana kwa majina na kwa mashamba. Kwenye Nile, wengi wetu hatujawahi kuiona Khartoum, sembuse kujua Mmisri wa kule kwenye delta anamwagilia nini mwezi wa Juni.

Ubao huo hata hivyo una mpaka wake. Usangu kuna sheria ya maji, kuna bodi ya bonde, kuna mkuu wa wilaya anayeweza kuja na polisi akafunga banio. Mto Nile hauna mkuu wa wilaya. Baina ya mataifa hakuna aliye juu yao, na asiyeridhika anaweza kuinuka akaenda nyumbani, akajenga au akatishia. Kwa hiyo baada ya gololi lazima tuhamie kwenye mchezo wa aina nyingine: majukumu ya kuigiza, yenye karatasi za maelekezo ya siri kwa kila ujumbe.

Aina hii imeenezwa zaidi na watu wa Harvard na MIT. Roger Fisher na William Ury walitoa mwaka 1981 kitabu chao Getting to Yes, wakisisitiza tofauti kati ya msimamo anaoutangaza mtu na maslahi yaliyo nyuma yake, na tangu hapo Mpango wa Majadiliano ulioko Shule ya Sheria ya Harvard umekuwa ukitunga na kuuza mazoezi ya namna hii. Kuhusu maji, ninalolifahamu zaidi ni lile liitwalo Indopotamia, alilotunga Lawrence Susskind na wenzake: mto wa kubuni, nchi za kubuni, takwimu za kubuni. Wanasema ubunifu huo unamwondolea mwanafunzi chuki alizokuja nazo. Kwa darasa lenye Mhindi na Mpakistani, au Mturuki na Msyria, naielewa hoja hiyo, na raundi ya kwanza nami huwa naichezesha kwa mto usio na jina.

Ila kwa wanafunzi wetu nadhani kukaa kwenye nchi za kubuni hadi mwisho ni kuwaonea huruma mno. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anakuja na kesi mkononi tayari, na kesi hiyo imejengwa na historia ya kweli. Anajua kwamba tarehe 4 Julai 1962 serikali ya Tanganyika iliandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya 1929 hayaifungi, kwa kuwa nchi huru haiwezi kuomba kibali cha nchi nyingine ili itumie maji yaliyo ndani ya ardhi yake. Anajua kwamba mwaka 2004 Tanzania ilianza kulaza bomba la kutoa maji ya Ziwa Victoria pale Ihelele kuyapeleka Kahama na Shinyanga, na haikungoja Cairo. Anajua pia, ama anapaswa kujua, kwamba barua ile ya 1962 ilikuwa na nusu ya pili ambayo wengi hawaitaji: kwamba Tanganyika inatambua umuhimu wa maji hayo kwa nchi zote za bonde na iko tayari kuzungumza juu ya mgao wa haki. Huwezi kumwondolea kijana mambo haya kwa kubadilisha jina la mto. Afadhali yawekwe mezani, kisha yeye mwenyewe awekwe upande mwingine wa meza.

Ndiyo kanuni yangu ya pekee isiyo na msamaha: hakuna anayepewa nchi anayoitaka. Safari moja nilimpa mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Shinyanga, karatasi ya mkuu wa ujumbe wa Misri. Akaiangalia, akairudisha.

"Mwalimu, kwetu tumekunywa maji ya malambo miaka yote mpaka bomba la ziwa lilipofika. Leo niwe Misri?"

"Soma kwanza, mwanangu, halafu tuzungumze."

Karatasi hiyo haina matusi wala hila. Inasema nchi yako ina watu zaidi ya milioni 100, karibu wote wanaishi kandokando ya mto mmoja, na mvua kwenye sehemu kubwa ya nchi hainyeshi kiasi cha kuotesha zao lolote. Mahindi yako, pamba yako, maji ya bomba ya Cairo, vyote ni mto huo. Inasema jirani yako wa juu, Ethiopia, anajenga bwawa la kubeba mita za ujazo bilioni 74, wakati Nile ya Buluu yote inapofika mpaka wa Sudan haizidi sana bilioni 49 kwa mwaka. Inasema humpingi kufua umeme; unachokitaka kukijua ni atalijaza kwa miaka mingapi, na kukija ukame mfululizo ataachia kiasi gani. Na chini kabisa, kwa herufi nzito, inasema bunge lako limekuambia usirudi na tarakimu iliyo chini ya 55.5.

Hadi saa nane mchana binti yule alikuwa anamwita mwenzake "Mheshimiwa Waziri wa Ethiopia" kwa sauti ambayo ingemfaa balozi wa miaka 20. Hakuwa ameipenda Misri ghafla. Alichokifanya ni kubaini kwamba Ethiopia ilikuwa inajibu swali ambalo hakuliuliza: yeye anauliza habari za miaka ya ukame, wenzake wanajibu habari za mamlaka ya nchi. Akaomba mapumziko. Wakazungumza korido, kwa Kiswahili cha kawaida, bila "waheshimiwa". Waliporudi walikuwa na jedwali la kiasi cha kuachia maji kwa mwaka wa mvua, mwaka wa kati na mwaka wa ukame, na ile 55.5 haikutajwa popote. Kisha nikawapelekea mwandishi wa habari.

Hiki ni kipengele ambacho michezo mingi ya kununua haina, nami nakiona cha lazima. Majadiliano ya maji yana meza mbili: ile mnayokaa na mgeni, na ile ya nyumbani. Juni 2013, siku chache baada ya Ethiopia kuugeuza mkondo wa Nile ya Buluu ili kuendelea na ujenzi wa bwawa lake, Rais Mohamed Morsi aliwaita wanasiasa wa vyama mbalimbali ikulu Cairo kujadili bwawa hilo. Baadhi yao wakaanza kushauri mbinu za kulihujumu, mmoja hivi, mwingine vile. Hawakujua kwamba kikao kilikuwa kinarushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Addis Ababa wakasikia. Mshauri wa rais ilibidi aombe radhi kwa kutowatahadharisha. Kwa hiyo darasani kwangu wapo wanafunzi wanne ambao hawajadiliani na mtu. Wao ni magazeti, wabunge na wakulima. Wanapita, wanauliza, wanaandika vichwa vya habari kwenye karatasi kubwa na kuvibandika ukutani. Siku ile kikabandikwa kimoja: MISRI YAUZA MTO. Jedwali zuri lile lilikufa ndani ya robo saa, na mkuu wa ujumbe wa Misri akaja kunilalamikia kwamba si haki. Nikamwambia malalamiko hayo ayapeleke kwa bunge lake.

Sasa nifike kwenye Entebbe, maana hapo ndipo nafundisha jambo ambalo vitabu vya Marekani havipendi kulisema sana. Mpango wa Bonde la Mto Nile ulizinduliwa Dar es Salaam Februari 1999, sekretarieti yake ikawekwa Entebbe, na kwa muda wa zaidi ya muongo nchi zilijadili mkataba wa mfumo wa ushirikiano. Walikubaliana karibu kila kitu. Kilichobaki ni kipande kimoja, kifungu cha 14(b). Nchi za juu zilitaka kila nchi iahidi kutoathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa nchi nyingine yoyote ya bonde. Misri na Sudan zilitaka isomeke kwamba hakuna kuathiri usalama wa maji na pia matumizi na haki zilizopo sasa. Maneno machache, lakini ndani yake imo ile 84 yote ya 1959, na hata ahadi za Mwingereza za 1929. Tarehe 14 Mei 2010 Ethiopia, Rwanda, Tanzania na Uganda zikatia saini huko Entebbe bila hao wawili. Kenya ikafuata siku tano baadaye, na Burundi mwaka uliofuata. Kifungu chenyewe kikatolewa kikawekwa kwenye kiambatisho, kisubiri tume itakayoundwa ikimalize.

Wanafunzi wangu hupewa kifungu hicho na saa mbili. Wengi hawafiki popote, na mimi sitoi maksi kwa kufika. Hapa natofautiana na baadhi ya wenzangu. Yapo mazoezi yaliyopangwa kwa pointi, ambamo mwafaka uliofichwa ndani ya tarakimu unangoja kugunduliwa, na anayeupata anashangiliwa. Ni mazoezi mazuri ya kujifunzia hesabu za maslahi. Lakini yanamwachia kijana imani kwamba kila mgogoro una suluhisho ambalo mtunzi amelificha mahali fulani. Mto Nile haukutungwa na mtu. Wakati mwingine uamuzi wa busara wa mjumbe ni kuacha kifungu wazi na kuviokoa vingine vyote, au kusaini na walio tayari, au kukataa kusaini akijua gharama yake. Ninachosahihisha ni kumbukumbu anayoiandika usiku ule kwa waziri wake: alikuta nini, alitoa nini, kwa nini alisimama aliposimama. Anayeandika "tulishindwa kwa sababu wenzetu ni wabishi" anaandika upya.

Ninapoona wamekata tamaa, nawahamishia mto mwingine. Maporomoko ya Rusumo yako kwenye Mto Kagera, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, na Burundi iko jirani. Nchi hizo tatu zimejenga pale mtambo wa umeme wa megawati 80 na zinagawana umeme huo sawa kwa sawa, takriban megawati 27 kila moja. Kagera ni sehemu ya Nile ile ile. Kwa nini kule kuliwezekana? Majibu ya darasa huwa mengi, na mengine yananizidi mimi. Wapo wanaosema ni kwa sababu walichogawana ni umeme, na umeme huhesabika kwenye mita. Wapo wanaosema ni kwa sababu hakuna mmoja kati ya hao watatu anayeutegemea mto huo kama Misri inavyoutegemea wake. Mmoja alisema ni kwa sababu hakukuwa na mkataba wa zamani wa kuutetea. Hilo la mwisho silikubali moja kwa moja, lakini mpaka leo sijapata namna ya kulivunja.

Kuna mambo mchezo hauwezi. Darasani hakuna anayelala na kiu, na waziri wa Ethiopia na wa Misri saa kumi jioni wanakwenda kula chipsi mayai pamoja. Mazungumzo ya zaidi ya muongo tunayabana kwenye siku moja, na uchovu, ambao ni silaha kubwa katika majadiliano ya kweli, haupo. Hata nguvu haipo: Misri ya darasani haina jeshi wala marafiki Washington. Ndiyo maana kipindi cha tathmini baada ya mchezo nakipa muda ule ule uliotumika kucheza, na walimu wanaokikata ili wawahi ratiba nawashauri waache mchezo wenyewe, wafundishe kwa hotuba. Katika tathmini kila ujumbe unasoma maelekezo yake ya siri kwa sauti. Chumba huwa kinaguna.

Mambo yamenigeuzia karatasi zangu hivi karibuni. Sudan Kusini iliridhia mkataba wa Entebbe mwaka 2024, ikawa nchi ya sita, na mkataba ukaanza kutumika tarehe 13 Oktoba mwaka huo. Bwawa la Ethiopia lilizinduliwa rasmi Septemba 2025, kwa hiyo swali la miaka ya kulijaza limepitwa. Zoezi jipya ninaloliandika linahusu tume itakayoundwa chini ya mkataba huo: nchi sita ndani, Kenya imesaini ila bado haijaridhia, Misri na Sudan nje. Karatasi ya Uganda imekamilika, ya Ethiopia imekamilika. Ya Misri nimeifuta na kuianza upya mara nyingi, kwa sababu kila ninavyoiandika, mwanafunzi atakayepewa hatakuwa na sababu ya kuingia chumbani, na wajumbe wa nchi nyingine kwenye karatasi zangu bado hawana kitu cha kumwekea mezani. Wenye pendekezo, hasa ndugu zetu wa bodi za maji za mabonde mliopo hapa, nawaomba tuonane wakati wa chai.